Kazi ya Vikundi Kwenye Darasa la Wanafunzi 72: Namna ya Kuipanga Ili Kila Mmoja Afanye Kazi

Waketishe wanafunzi sita pamoja, wape swali moja, karatasi moja na kalamu moja, kisha watazame. Aliyeshika kalamu ataandika, mmoja atamsaidia, wanne waliobaki watasubiri kengele. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwahi kupima jambo la namna hii kwa watu wanaovuta kamba: kadiri walivyoongezeka, ndivyo nguvu aliyotoa kila mmoja ilivyopungua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913, na darasani yanaonekana hadi leo.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka wanafunzi wafundishane ana mambo matatu ya kupanga kabla hajaingia darasani. Kundi liwe dogo. Kila mwanakundi awe na kitu ambacho wenzake hawana na wanakihitaji. Mwishoni kila mmoja apimwe peke yake. Likikosekana moja kati ya hayo, utapata kelele na kazi ya mtu mmoja iliyoandikwa majina sita.

Mfano tunaoutumia hapa ni darasa la juu la shule ya msingi lenye wanafunzi 72 na madawati 24 ya kukaa watatu watatu. Kiwango rasmi cha Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, lakini tunaandika kwa ajili ya mwalimu aliye na 72, maana huyo ndiye anayeambiwa kila siku kwamba njia shirikishi hazimfai. Zinamfaa, ila inabidi apange kwa hesabu.

Kundi ni dawati

Usihangaike kuunda duara. Kuburuza madawati kunakula dakika kumi za kipindi cha dakika 40, kunavunja miguu ya madawati, na darasa lililojaa halina nafasi ya duara hata moja. Dawati la watu watatu tayari ni kundi zuri: hakuna pa kujificha, wote wanaona daftari moja, na sauti ya chini inatosha. Watu wanne bado wanafaa. Wakifika sita, gawa.

Nani akae na nani? Chukua alama za jaribio la karibuni la somo hilo na uorodheshe majina kuanzia juu hadi chini. Igawe orodha mafungu matatu ya majina 24, kisha kila dawati lipate mtu mmoja kutoka kila fungu. Usimpe wa kwanza kabisa na wa mwisho kabisa dawati moja, kwani pengo likiwa kubwa mno yule anayejua hukata tamaa ya kueleza na kuishia kutoa majibu. Wa 1 akae na wa 25 na wa 49, wa 2 na wa 26 na wa 50, na kuendelea. Orodha hiyo ibaki kwenye daftari lako. Wanafunzi wakijua nani amewekwa kama "dhaifu", umeshamfunga mdomo.

Tazama pia wavulana na wasichana. Msichana mmoja akikaa na wavulana wawili, mara nyingi anageuzwa karani: wao wanasema, yeye anaandika. Afadhali wasichana wawili na mvulana mmoja, au wa jinsia moja wote. Asiyesikia vizuri akae mahali anapoiona midomo ya wenzake wote wawili, yaani mwisho wa dawati na si katikati. Asiyeona vizuri asipangiwe dawati la nyuma kwa sababu tu orodha imetaka hivyo.

Makundi haya yakae wiki nne hadi sita. Ukiyabadilisha kila kipindi, watoto hawafiki mahali pa kuaminiana na kuthubutu kusema "sijaelewa". Ukiyaacha mwaka mzima, kila mmoja anazoea nafasi yake: mmoja ni wa kufikiri, mwingine ni wa kuandika, wa tatu ni wa kukubali.

Anza na jozi, dakika tatu tu

Darasa ambalo halijazoea kuzungumza juu ya kazi lisianzishiwe kipindi kizima cha vikundi. Kwa wiki mbili za mwanzo, tumia swali moja kwa kila kipindi, kwa mpangilio huu.

Andika ubaoni swali lenye majibu matatu, ambapo kila jibu lisilo sahihi linatokana na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Mfano wa Hisabati: ipi ni kubwa kuliko zote, (1) 0.6, (2) 0.45, au (3) 0.308? Wape dakika moja ya kimya, kila mtu aandike jibu lake daftarini. Halafu wote waonyeshe kwa vidole, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili wewe uone na jirani asione. Anayeinua mkono juu anageuka kuwa mwongozo wa darasa zima, na kura yako inakuwa haina maana.

Hesabu haraka kwa macho. Eric Mazur, anayefundisha Fizikia Chuo Kikuu cha Harvard na ambaye alianza kutumia mbinu hii mwaka 1991, anapendekeza majadiliano yafanyike pale waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70. Kwa wanafunzi 72 maana yake ni kati ya 22 na 50. Wakiwa chini ya hapo, hakuna wa kutosha wa kuwafundisha wenzao, kwa hiyo rudi ubaoni ueleze upya. Wakizidi hapo, endelea na somo na uwafuate wachache waliokosa. Wakiwa katikati, sema: "Mgeukie mwenzako mwenye jibu tofauti na lako. Mweleze kwa nini." Wape dakika mbili, kisha wapige kura tena.

Pita katikati ya madawati usikilize. Unachotaka kusikia ni kitu kama hiki:

— Mimi nimeweka tatu.
— Kwa nini?
— 308 ni kubwa kuliko 6.
— Hebu zote zipe tarakimu tatu. Hii ya kwanza ni 0.600, hii 0.450, hii 0.308.
— Ahaa. Kumbe 600.

Usichotaka kusikia ni "Weka moja." Utafiti wa Noreen Webb wa Marekani juu ya vikundi vya Hisabati ulionyesha tofauti hii wazi: anayeeleza hatua kwa hatua ananufaika, lakini anayepewa jibu tupu hanufaiki, na hata anayepewa maelezo hunufaika pale anapoyatumia mwenyewe mara moja. Ndiyo sababu baada ya kura ya pili unatoa swali jingine la aina hiyohiyo, kila mtu afanye peke yake. Ukiruka hatua hiyo, utakuwa umepima nani amemsikiliza jirani yake.

Wafundishe maneno ya kuulizana na uyaandike kwenye karatasi ya manila ukutani: "Kwa nini unasema hivyo?" "Nionyeshe ulivyopata." "Rudia hapo, sijakupata." "Sikubaliani, kwa sababu…" Usidhani watayabuni wenyewe. Kwa watoto wengi, kumuuliza mwenzako "kwa nini" ni dalili ya ugomvi mpaka mwalimu aonyeshe kwamba ndiyo kazi yenyewe. Simama mbele na mwanafunzi mmoja mwigize mazungumzo hayo, mara moja vibaya, mara moja vizuri.

Njia ya vipande

Hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote kwa masomo ya kusoma, nayo inastahili maandalizi yake. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliibuni mwaka 1971 mjini Austin, Texas, wakati shule za huko zilipoanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na madarasa yakajaa uhasama. Mada inakatwa vipande, kila mtoto anabeba kimoja, na hakuna anayeweza kuijua mada nzima bila kuwasikiliza wenzake.

Chukua Vita vya Maji Maji. Vipande vyetu ni vitatu kwa sababu dawati lina watu watatu:

Kipande A: sababu. Kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, usimamizi wa maakida na majumbe (watawala wa ngazi ya chini waliowekwa na Wajerumani), viboko, malipo duni.

Kipande B: maji na kuenea kwa vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wajumbe walioitwa hongo waliosambaza maji, mapambano yaliyoanza Umatumbi Julai 1905 na kufika Mahenge na Ungoni.

Kipande C: jinsi Wajerumani walivyovizima. Bunduki za rashasha, kunyongwa kwa viongozi, kuchomwa kwa mashamba na maghala, njaa, na mwisho wa vita mwaka 1907.

Kila kipande kiwe na maneno 120 hadi 150, yaani nusu ukurasa wa daftari. Nakala zinazohitajika ni 8 za kila kipande, jumla 24, moja kwa kila dawati. Kama hakuna mashine ya kunakili, andika kwa mkono ukitumia karatasi za kaboni, au gawa aya za kitabu cha kiada kama vitabu vinatosha. Hakikisha kila kipande kinaeleweka chenyewe. Kosa kubwa la maandalizi ni kipande C kinachotaja "wajumbe hao" ambao wametambulishwa kwenye B.

Swali la pamoja lina uzito kuliko vipande vyenyewe, kwa hiyo litengeneze kwanza. Liwe swali lisilojibika kwa kipande kimoja. Kwa mada hii: "Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Kwa nini vita viliendelea, na ni nini hatimaye kilivimaliza?" Mwenye A anajua hasira ilitoka wapi, mwenye B anajua kwamba hongo walikuwa wameshaubeba ujumbe mbali, mwenye C anajua njaa ilifanya nini. Swali kama "Taja sababu za Vita vya Maji Maji" linaua njia hii, maana mwenye A anajibu na wengine wanapumzika.

Sasa kuhama. Kuwapitisha watoto 72 darasani kwa wakati mmoja ni fujo, ila kuna mpango unaowahamisha 48 tu, na hakuna anayekwenda mbali. Gawa madawati katika mafungu ya matatu yanayofuatana mstari mmoja. Katika kila fungu, dawati la 1 linapata kipande A, la 2 kipande B, la 3 kipande C. Wote watatu wa dawati moja wanasoma kipande kilekile na kukijadili. Ikifika saa ya kuhama, aliyekaa kushoto habanduki. Aliyekaa katikati anarudi dawati moja nyuma. Aliyekaa kulia anarudi madawati mawili nyuma. Anayekuta fungu limekwisha anaendelea kuhesabu kuanzia dawati la kwanza la fungu lake. Chora ubaoni, maana kwa mdomo tu hawatakuelewa. Wakimaliza, kila dawati lina A mmoja, B mmoja na C mmoja. Fungu moja ni watoto 9, na 72 ni mafungu 8 kamili.

Idadi haigawanyiki kwa 9? Waliozidi waongeze kama pacha: dawati linakuwa na watu wanne, wawili wakibeba kipande kimoja na kuhama pamoja. Pacha mzuri ni yule anayesoma kwa shida, akiwekwa na anayesoma vizuri.

Ratiba ya dakika 80, ukiwa na vipindi viwili mfululizo:

Dakika 5: maelezo, na swali la pamoja liandikwe ubaoni tangu mwanzo ili wasome wakijua wanatafuta nini.
Dakika 8: kusoma. Mmoja anasoma kwa sauti ya chini, wenzake wanafuata, kisha wanarudia kimya.
Dakika 12: dawati linakubaliana hoja tatu, linafafanua neno moja gumu, na kutunga swali moja la kuwapima watakaofundishwa. Kila mtu anaandika daftarini kwake, isizidi mistari mitano.
Dakika 3: kusanya karatasi, wahame.
Dakika 18: kufundishana, dakika 6 kwa kila kipande. Piga makofi zamu ikibadilika.
Dakika 14: swali la pamoja.
Dakika 10: kutoa majibu.
Dakika 10: zoezi la mtu mmoja mmoja.

Kukusanya karatasi kabla ya kufundishana ni lazima. Zikibaki mezani, hakuna atakayefundisha: watazisoma kwa sauti au wataanza kuzinakili. Na mistari mitano ni mitano kweli. Mtoto mwenye ukurasa mzima wa maandishi atausoma neno kwa neno.

Ukiwa na vipindi vya dakika 40 vilivyotengana, kipindi cha kwanza kiishie kwenye mjadala wa kipande, na dakika zinazobaki uzunguke kukagua hoja za kila dawati. Kipindi cha pili waingie moja kwa moja kwenye madawati mapya, wafundishane, wajibu swali la pamoja na kutoa majibu kwa dakika chache zilizobaki. Zoezi lifanywe mwanzoni mwa kipindi cha tatu. Hatari ya mpango huu ni utoro: mwenye B akikosekana, dawati zima halina B. Liunganishe na dawati la jirani kwa zamu hiyo tu, kisha litengane.

Kuna mahali ambapo njia hii inaharibika mara kwa mara, napo ni kwenye zile dakika 12 za mjadala wa kwanza. Dawati likielewa kipande vibaya, watoto watatu watabeba kosa hilo hadi madawati matatu. Kwa hiyo dakika hizo usikae na usisahihishe madaftari. Pita madawati yote 24, nusu dakika kila moja, uulize jambo moja: "Hoja yenu ya pili ni ipi?" Ikiwa si sahihi, usiisahihishe wewe. Weka kidole kwenye sentensi iliyopo kwenye karatasi na useme, "Someni tena hapa," kisha urudi baadaye. Kama mada ni ngumu kiasi kwamba hawawezi kuielewa kwa kusoma, mfano kugawanya kwa desimali, usiifundishe kwa vipande kabisa. Ifundishe wewe, halafu tumia jozi.

Nani atajibu

Kila dawati wapeane namba: kushoto 1, katikati 2, kulia 3. Wakati wa kutoa majibu, taja dawati kisha namba, na namba itajwe mwisho: "Dawati la saba… namba mbili." Baada ya hapo nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza jinsi walimu wanavyouliza maswali, aligundua kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri kama sekunde moja tu. Aliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na hata wasiojibu kawaida walianza kujibu. Hesabu kimoyomoyo.

Kwa kuwa hawajui namba ipi itaitwa, dawati lina sababu ya kuhakikisha hata yule mkimya anaweza kueleza. Ukimchagua kiongozi wa kikundi wa kudumu, umeiondoa sababu hiyo. Akisema "sijui", usihamie dawati jingine. Wape sekunde 30 wanong'onezane, kisha umrudie yuleyule.

Madawati matatu yanatosha kutoa jibu. Madawati 24 yakisimama kusema jambo lilelile, darasa linalala. Baada ya la kwanza, waulize wengine: "Nani ana kitu ambacho hakijasemwa?"

Sheria nyingine ndogo inayookoa sauti yako: swali linafika kwa mwalimu ikiwa wote watatu wamekwama. Ukifika kwenye dawati, muulize yeyote asiyenyoosha mkono, "Swali lenu ni nini?" Asipolijua, waambie utarudi. Baada ya wiki moja wataulizana wenyewe kwa wenyewe kwanza.

Kelele, mtawala na mkimya

Kelele ya kazi ipo na itakuwepo. Kinachohitajika ni alama ya kunyamazisha ambayo imefanyiwa mazoezi: mkono juu, kila anayeuona anainua wake na kunyamaza. Ifanyieni mazoezi mara tatu siku ya kwanza, mkihesabu hadi tano. Usipige kelele kuzima kelele. Na mweleze mwalimu wa darasa la jirani mapema, maana mkuu wa shule akipita na kusikia vurumai kabla hajaelezwa, ataiona kama darasa lisilo na mwalimu.

Anayetawala mazungumzo apewe kazi ya kuuliza: kwa zamu hii haruhusiwi kutoa jibu, anauliza "kwa nini" tu. Mkimya asilazimishwe kusimama mbele. Mpe kipande kifupi na umsikilize akikisema kwako pembeni kabla ya kuhama. Anayeingia kufundisha akiwa ameshasema mara moja, mikono haimtetemeki.

Kwa sekondari, tatizo kubwa zaidi ni lugha. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kuambiwa ajadili kwa Kiingereza. Anachofanya ni kunyamaza, na mwalimu anadhani hajui. Maoni yetu ni kwamba mjadala wa dawati ufanyike kwa Kiswahili bila adhabu yoyote, kisha dakika tano za mwisho watatu hao watunge pamoja sentensi mbili au tatu za Kiingereza, na namba itakayoitwa izisome na kuzieleza. Wape mianzo ya sentensi ubaoni pamoja na istilahi kama sita za mada. Fikra ikishakuwa wazi, kuiweka kwenye lugha ya pili ni kazi inayowezekana. Kufanya yote mawili kwa mpigo kunawashinda hata watu wazima.

Alama

Usitoe alama moja kwa kikundi kizima. Aliyefanya kazi ataona amedhulumiwa, asiyefanya atajifunza kwamba inalipa. Zoezi la mwisho liwe la mtu mmoja mmoja, maswali matatu, moja kwa kila kipande, na hakuna kutazamana. Ukitaka dawati liwe na sababu ya kusaidiana, fuata wazo ambalo Robert Slavin, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alilijengea kazi yake: pongezi za kikundi zitokane na maendeleo ya kila mmoja. Dawati ambalo wote watatu wamepanda kuliko jaribio lililopita ndilo linalotoka kwanza mapumzikoni, hata kama mmoja alipanda kutoka 2 hadi 4 kati ya 10. Mpango huo unamfanya aliye nyuma kuwa mtu wa thamani kwenye dawati lake.

Unaposahihisha, usihesabu jumla pekee. Andika madawati upande mmoja na A, B, C upande mwingine, uweke alama pale swali lilipokosewa. Wakikosa B watoto wa madawati yote matatu ya fungu moja, chanzo ni dawati la 2 la fungu hilo: walikielewa vibaya wakati wa kusoma. Mwenye C akipata swali lake huku wenzake wawili wakilikosa, alielewa ila hakueleza vizuri, naye anahitaji mazoezi ya kusema. Likikosewa swali moja darasa zima, kipande chako kiliandikwa vibaya: kiandike upya, na urudie sehemu hiyo ubaoni kwa dakika tano mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.